Ukitumwa Umaasaini: mwongozo wa kuishi na wenyeji kabla ya kuwahubiria

Mwongozo huu ni wako wewe mwinjilisti, katekista, mtawa au mchungaji kijana uliyezaliwa Moshi, Bukoba, Tukuyu au Machakos, na sasa umeshika barua ya kwenda Longido, Simanjiro, Loliondo au Kajiado. Vitabu vingi vya umisionari vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayevuka bahari. Mtu huyo anajua tangu anaposhuka kwenye ndege kwamba yuko ugenini, na waliomtuma humpa muda wa kujifunza lugha. Wewe unapanda basi asubuhi na jioni umefika. Huenda hata nchi hujabadilisha, na Kiswahili chako kinaeleweka dukani. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtu anayeamini yuko nyumbani haoni haja ya kujiandaa.

Mwafrika kuvuka mpaka wa kabila lake kwa ajili ya Injili si jambo la jana. Apolo Kivebulaya, Muganda, alikwenda Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Dada wa mtawala wa huko alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo alituhumiwa, akapigwa na kufungwa gerezani. Alipoachiwa alirudi kwa watu walewale. Mwaka 1921, akiwa tayari mtu mzima sana, alianza kuingia msituni kwa Wambuti, na alifia Mboga mwaka 1933. Kwa hiyo usijione mtu anayefanya kazi ya Wazungu kwa niaba yao. Una wazee wako katika kazi hii, na walivumilia.

Kwa nini urafiki utangulie

Mwaka 1966 padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa katika misheni ya Loliondo. Misheni ilikuwa na shule na hospitali, na watu walizitumia. Lakini alimwandikia askofu wake kwamba juu ya Mungu hasa, mazungumzo na watu wazima wa Kimaasai yalikuwa karibu hayapo. Aliomba ruhusa ya kwenda maboma kuzungumza nao, bila kupeleka kitu kingine chochote. Habari hiyo aliiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1978, na bado kinasomwa katika vyuo vya theolojia.

Huduma si mbaya. Mtoto mgonjwa apelekwe hospitali, na shule ijengwe. Tatizo ni kwamba anayetoa kila siku na anayepokea kila siku hawawezi kuwa marafiki. Mmoja amekuwa ofisi, mwingine amekuwa mwombaji. Watu watakuheshimu, watakusindikiza, watakuja ibadani siku ya kugawa unga, na mambo yao ya kweli watayazungumza ukishaondoka.

Kwa hiyo kanuni ninayokuomba uishike kuliko zote ni hii: pokea kabla hujatoa. Kunywa chai yao kabla hawajanywa yako. Jifunze kwao kabla ya kuwafundisha. Omba msaada wao, na uwe unauhitaji kweli. Wamaasai wana uhusiano wanaouita *osotua*, na mtu yeyote atakayeishi kwao sharti aujue. Watu wawili huuanza kwa zawadi au kwa ombi, na ukishaanza unaweza kudumu maisha yote, hata kurithiwa na watoto. Mwenye osotua huomba pale tu anapohitaji, na huomba kiasi cha haja yake. Anayeombwa hutoa akiweza bila kujiangamiza mwenyewe. Hakuna daftari la madeni. Ukija na daftari, yaani ukihesabu nani ulimpa nini na alikuja ibadani mara ngapi, umejitoa katika uhusiano huo kabla hujaingia.

Kabla hujaondoka

1. Ulizia ni Wamaasai wa wapi. Wakisongo, Wasalei, Waloita, Wapurko na Waparakuyo wana mengi ya pamoja, lakini matamshi, sherehe na miiko hupishana. Kwa sababu hiyo, hata yaliyomo katika mwongozo huu yape nafasi ya kusahihishwa na mwenyeji wako. Akikwambia kwao si hivyo, yeye ndiye sahihi.

2. Jua habari za ardhi ya hapo. Mwaka 1959 Serengeti ilipotenganishwa na Ngorongoro, wafugaji waliondolewa upande wa hifadhi. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Mgeni mwenye daftari, anayepiga picha vilima na kuuliza mipaka ya malisho, anatiliwa shaka, na shaka hiyo ina historia.

3. Uliza kanisa lako lilifanya nini huko zamani. Nani alitangulia? Aliondokaje? Aliahidi nini? Kama kuna kisima kilichoahidiwa na hakikuchimbwa, utakikuta kinakusubiri, nawe ndiwe utakayeulizwa.

4. Zungumza na waliokutuma kuhusu muda. Omba angalau miezi sita ambayo taarifa yako haitadaiwa idadi ya waliobatizwa. Ombi hili ni gumu, najua. Lifanye kwa adabu, kwa maandishi, na ueleze sababu: mtu anayesubiriwa namba mwishoni mwa mwezi hutafuta namba, na urafiki hauna safu katika fomu.

5. Anza lugha ukiwa bado mjini. Walinzi, wauza dawa za miti shamba na wanafunzi wa vyuo wapo. Mlipe mwalimu wako kama mwalimu mwingine yeyote.

6. Beba vichache. Tochi, chandarua, viatu vya kutembea mbali, ndoo ya maji yenye mfuniko. Vipaza sauti na jenereta viache.

Siku ya kuingia

Kuna milango miwili, na yote miwili ibishwe hodi. Wa kwanza ni wa serikali: peleka barua yako kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, au kwa chifu ukiwa Kenya. Wa pili ni wa wazee na laigwanani wao, kiongozi wa rika. Wageni wengi hupita mlango wa kwanza wakadhani wameingia. Mtendaji anaweza kukupa kibali cha kukaa, lakini hana uwezo wa kukupa watu.

1. Tafuta mtu anayejulikana pale akupeleke. Asiyeletwa na mtu hana pa kuulizwa.
2. Usiingie na pikipiki au gari hadi katikati ya boma. Simama nje, usubiri uonekane na uitwe.
3. Salimu kwa kufuata umri, wazee kwanza. Usimpite mtu kwa kuwa hujui cheo chake.
4. Kaa utakapoonyeshwa. Nyumba hujengwa na mwanamke na ni yake, kwa hiyo usichague mahali mwenyewe.
5. Subiri *ilomon*, yaani kupeana habari. Mmoja husema kwa kirefu, mwingine huitikia, kisha zamu hubadilika: umetoka wapi, umepita wapi, mvua, majani, magonjwa, safari. Usiikatishe ili ufikie hoja yako. Kwao hiyo ni kazi kamili, na jinsi unavyosikiliza wanaipima.
6. Zamu yako ikifika, sema ukweli. Sema wewe ni mtu wa kanisa, umetumwa kuzungumza habari za Mungu, na kabla ya hapo unaomba kukaa nao ujifunze. Usijifiche nyuma ya mradi wa mbuzi au mafunzo ya ujasiriamali. Siku wakigundua kilichokuleta, hata mbuzi watawatilia shaka.
7. Omba wazee wakupe mwenyeji, familia itakayokuonya ukikosea na kukusemea ukisingiziwa.

> SANDUKU: Heshima ndogo zenye uzito mkubwa
>
> • Mtoto akija ameinamisha kichwa, mguse utosini kwa kiganja. Hiyo ndiyo salamu anayoingoja. Wewe mwenyewe ukiwa kijana, tazama vijana wa umri wako wanavyowasalimu wazee, ufanye vivyo hivyo.
>
> • Mwanamume husalimiwa "Sopa", naye huitikia "Epa". Mwanamke husalimiwa "Takwenya", naye huitikia "Iko". "Ashe oleng" ni asante sana, na utaihitaji kila saa.
>
> • Usiulize fulani ana ng'ombe wangapi au watoto wangapi. Uliza kama ni wazima.
>
> • Usitaje jina la marehemu mbele ya ndugu zake. Hili litakugusa katika mahubiri ya msiba na katika kuandika rejista ya kanisa.
>
> • Mzee akikutemea mate kidogo kiganjani au kichwani, amekubariki. Usijifute.
>
> • Morani hali nyama mbele ya wanawake. Kabla hujaandaa chakula cha sikukuu, uliza nani atakula wapi.
>
> • Mkwe wa kiume na mama mkwe hukwepana. Ukipanga watu wakae kwa safu kama mjini, unaweza kumfanya mama mzima asije tena ibadani, nawe usijue kwa nini.
>
> • Picha: omba kwanza, hata kwa mtoto. Ukikataliwa, weka simu mfukoni.

Lugha

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema, au wanapojidanganya.

Wakati mwingine utasikia kwamba Wamaasai wa siku hizi wote wanajua Kiswahili, kwa hiyo Kimaasai ni cha hiari. Kaa bomani wiki moja uangalie nani anakujibu. Ni kijana aliyewahi kulinda Dar es Salaam, mwanamume anayeuza ng'ombe mnadani, mtoto wa shule. Sasa angalia nani amekaa kimya: mama mwenye nyumba, bibi, binti ambaye hakupelekwa shule, mzee ambaye maneno yake ndiyo yatakayoamua kama ubaki au uondoke. Ukitumia Kiswahili peke yake, umechagua bila kujua kuwa mchungaji wa wanaume waliowahi kusafiri.

Zaidi ya hapo, Kiswahili ni lugha ya ofisi, polisi na mwalimu mwenye fimbo. Mtu anaweza kukujibu vizuri sana kwa Kiswahili huku moyo wake ukiwa umesimama mbali.

Jipange hivi:

*Asubuhi, wakati wa kukamua.* Nenda walipo watu. Usiulize masuala ya imani, uliza majina ya vitu: ndama, kibuyu, kamba, zizi. Rangi za ng'ombe peke yake zina msamiati mrefu, na kila mtoto wa miaka sita anaujua. Mtoto huyo ni mwalimu mzuri kuliko mtu mzima, kwa sababu atakucheka na kukurudisha mpaka upatie. Cheka naye.

*Mchana.* Andika ulichosikia. Zingatia toni, maana katika Kimaasai kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na macho hayawezi kukusaidia. Omba ruhusa urekodi sentensi tano au sita kwa simu, uzisikilize unapotembea. Zingatia pia vianzio vya majina: *ol-* huenda na kiume na kikubwa, *en-* huenda na kike na kidogo. Ukivichanganya unaweza kuwa umemdunisha mtu au kitu bila kukusudia.

*Jioni.* Tembelea nyumba mbili ukatumie maneno yaleyale ya siku hiyo. Ukizidisha maneno mapya kila siku bila kuyatumia, baada ya mwezi utakuwa na daftari nene na mdomo mtupu.

Mkalimani utamhitaji kwa muda mrefu, nako kuna mtego. Ukimchukua kijana akutafsirie mbele ya wazee, umemweka katika nafasi ngumu: hawezi kumsahihisha mzee, na huenda maswali makali akayalainisha ili asionekane mkosefu wa adabu. Waulize wazee wenyewe nani anafaa kusema kwa niaba yako.

Na neno "Mungu" lenyewe? Wamaasai wanamwita Enkai, na walikuwa wanamwomba kabla hujazaliwa wewe na kabla misheni yoyote haijajengwa. Wanawake wana nyimbo za kumwomba. Sikiliza nyimbo hizo kabla hujafungua mdomo. Biblia nzima ipo kwa Kimaasai, jifunze kuisoma kwa sauti hata kabla hujaielewa yote, na umwombe mama mmoja akusahihishe matamshi. Mwalimu anayefundishwa kusoma kitabu chake mwenyewe na wale aliotumwa kwao, huyo watamzoea.

Kupokea, kuombwa, kutoa

Utaletewa maziwa katika kibuyu, na yatakuwa na ladha ya moshi kwa sababu kibuyu husafishwa kwa kijiti cha mti kilichowashwa moto. Kwa aliyezoea maziwa ya pakiti, ladha hiyo ni ngeni. Izoee. Lakini jua pia kwamba maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, homa inayokwenda na kurudi kwa miezi. Usiwe shujaa wa siku moja kisha ulale hospitali. Usidanganye pia kwamba umefunga au umeshiba. Sema mwili wako haujazoea mabichi, na uombe chai ya maziwa, ambayo huchemshwa na ipo karibu kila nyumba. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe usile, kwa ajili ya kimeta, na hilo lieleze kwa upole kwa sababu linawahusu na wao.

Kisha utaombwa. Utaombwa sukari, nauli, dawa, vocha, shuka, viatu ulivyovaa. Mgeni kutoka mjini huumia hapa, akadhani amefanywa benki. Vuta pumzi. Kuombwa kunaweza kuwa mwaliko: anayekuomba anakupima kama unaweza kuwa mtu wake. Swali la kujiuliza ni kama nawe umewahi kumwomba yeye. Kama hujawahi, uhusiano umeegemea upande mmoja na lazima uusawazishe, kwa wewe kuomba.

Mambo ya kufanya:

- Wiki za mwanzo, omba vitu vya kweli: kuonyeshwa njia, kupumzika kwenye kivuli cha nyumba, kuchungiwa mbuzi wako, kufundishwa kukamua.
- Ukitoa, toa kimya, kwa mtu, kwa haja iliyo mbele yako. Kitu cha watu wote kipitie kwa wazee.
- Ukiwa huna, sema huna. "Nitaangalia" na "labda kesho" hubaki masikioni kama ahadi.
- Ukiwa unacho na hutaki kutoa, toa sababu ya kweli. Nao hunyimana, na wanaelewana.
- Usitoe kitu chochote siku ya ibada wala kwenye uwanja wa ibada. Hakuna mpaka ulio rahisi kuulinda na wenye faida kubwa kama huo.
- Kiangazi kikiwa kikali, maji ni saa nyingi za miguu ya wanawake. Chota yako mwenyewe, au mlipe mtu mwenye punda.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku jembe lako litakuwa kunywesha mifugo kisimani, kumsaidia bwana mifugo kuhesabu dawa za mifugo, kumsindikiza mgonjwa usiku. Ukipewa kazi usijitetee kwa cheo chako. Umeanza kuwa mtu wa pale.

Wanawake na morani

Hapa ni pafupi lakini ni pazito. Ukiwa mwanamume, usiingie nyumba ambayo mama yuko peke yake, hata kwa sala. Kutana naye nje, mahali mnapoonekana, au uje na mkeo au mzee wa kanisa. Ukiwa mwanamke, wazee wanaweza kukupokea kama mgeni wa heshima na kukupa nafasi ambayo mabinti zao hawana. Ipokee, lakini usiache kukaa na wanawake kwenye maji na kuni, la sivyo utajua habari za kikao tu. Morani nao usiwaogope wala kuwatumia kama mapambo ya sherehe za kanisa. Kundi la rika husikilizana lenyewe: ukimpata msemaji wao akakuamini, umepata kundi.

Kufika kwenye Injili

Utajua muda umefika wanapoanza kukuuliza: kwa nini uko hapa, kwa nini hujaoa, kwa nini unafumba macho kabla ya kula. Jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, uwaulize na wao.

Usimchomoe mtu mmoja mmoja kutoka kwenye boma lake kana kwamba unachuma matunda. Donovan, baada ya kufundisha boma moja karibu mwaka mzima, alikusudia kuwabatiza waliofuatilia vizuri na kuwaacha wengine. Mzee wa boma hilo, Ndangoya, alimpinga: walikuwa wamejifunza pamoja, wenye uelewa wakiwabeba wazito, na hakuona sababu ya kuwagawa. Padre alikubali. Si kila kanisa lingefanya hivyo, na lako huenda lina utaratibu mwingine. Lakini swali la mzee yule utakutana nalo, kwa hiyo lizungumze na viongozi wako kabla hujaulizwa mbele ya watu arobaini. Vivyo hivyo kuhusu wake wengi: pata msimamo wa kanisa lako kwa maandishi, na ufikirie kwa uzito mke wa tatu na watoto wake wataishi wapi, kabla hujamwambia mwanamume yeyote amwache mtu.

Mambo ambayo urafiki haufuniki

Kuheshimu utamaduni hakukuondolei wajibu kwa mtoto. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inafanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Kenya, sheria ya mwaka 2011 inaukataza kwa umri wowote. Ukisikia kwamba binti anaandaliwa kukeketwa au kuozwa:

1. Usianze kwa mahubiri ya hadhara. Utaisogeza sherehe iwe usiku au ihamie boma jingine.
2. Hakikisha binti yuko salama sasa hivi, kupitia mwanamke anayeaminika.
3. Toa taarifa: Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au ustawi wa jamii. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inapatikana bure Tanzania na Kenya.
4. Usimfiche binti nyumbani kwako bila mamlaka kujua.
5. Siku zote nyingine, kabla ya dharura, zungumza na akina mama na wazee walioacha ukeketaji. Wapo, na neno lao lina uzito kuliko lako.

Inawezekana ukapoteza marafiki. Kubali hasara hiyo mapema moyoni, ili siku ikifika usisite.

Makosa yanayorudiwa mara nyingi

- Kuvaa shuka na shanga wiki ya kwanza. Subiri uvalishwe.
- Kujenga nyumba ya bati kabla ya kulala walau mwezi mmoja katika boma.
- Kupanga semina msimu wa kiangazi, wakati nusu ya watu wamehama na mifugo, au siku ya mnada.
- Kuwasifia kwa wageni kama kivutio, au kuwasema mjini kama watu waliochelewa. Vijana wana simu, na maneno hurudi kabla yako.
- Kumtumia mwongofu wa kwanza kama mkono wako wa kulia bila kujua boma linamwonaje. Wakati mwingine wa kwanza kukukimbilia ni yule aliyegombana na wenzake.
- Kuleta utani wa kwenu. Mchagga na Mpare wanaelewana wakitaniana hata msibani, lakini usidhani kila jirani ni mtani wako.

Ukikosea

Utakosea. Dalili ni kimya: watoto hawaji, chai inachelewa, mwenyeji anajibu kwa neno moja. Usiitishe mkutano wa kujieleza. Nenda kwa mwenyeji wako jioni, umwambie umeona mabadiliko na unaomba kufundishwa. Akikuonyesha kosa, usijitetee hata kama ulikuwa na nia njema. Mwombe mzee akupeleke kwa aliyekosewa na asimame kati yenu. Wakisema ulete kitu cha kutuliza, kondoo kwa mfano, leta, na usibishane kuhusu bei. Baada ya hapo jambo likifungwa, usilirudie katika mahubiri.

Jikague ukifikisha miezi sita

☐ Kuna nyumba tatu ambazo naingia bila shughuli yoyote.
☐ Mwanamke mzee anaweza kuzungumza nami dakika kumi bila mkalimani.
☐ Nimeomba msaada mwezi huu, na nimepata.
☐ Mtu amenionya kosa langu usoni pangu.
☐ Najua nani hapatani na nani, na sijalisema kwa mtu.
☐ Nimekaa msibani mpaka mwisho.
☐ Ninajua wanachomwomba Enkai mvua ikichelewa.

Ukikosa alama katika visanduku vingi, usiongeze vipindi vya ibada. Punguza, utembee.

Siku ya kuhamishwa

Makanisa huhamisha watumishi kwa barua ya wiki mbili, na watu waliokuzoea hubaki wakijiuliza walikukosea nini. Mara tu upatapo taarifa, waambie wazee kabla habari haijawafikia kutoka mjini. Pita nyumba kwa nyumba, ukianza kwa mwenyeji wako. Rudisha ulichoazima. Kama una mifugo uliyopewa, uliza wazee ikae kwa nani, usiipeleke mnadani. Omba waliokutuma wakuruhusu umlete mwenzako mwenyewe, ulale naye pale walau wiki moja, umtambulishe kwa *ilomon* kamili, umkabidhi kwa mwenyeji yuleyule. Na uwape namba yako ya simu watu watakaoitumia, kisha uipokee wanapopiga.